Sahani ya Monica

"Hivi nyie huko Kanada mnakula nini hasa?"

Bi Hilda, jirani yangu hapa Hull, aliniuliza hivyo mwaka ule tulipohamia Uingereza, marehemu mume wangu Leo angali hai. Nikamjibu: samaki wa samoni, na sharubati tamu ya utomvu wa mti. Uongo. Kijijini kwetu Newfoundland sharubati hiyo niliiona kwenye rafu ya duka tu. Sisi tulikula tautoni: kinyunga cha mkate kilicholala, kinakatwa vipande, kinakaangwa kwa mafuta ya nguruwe na kumwagiwa molasi, ile asali nyeusi ya miwa. Asubuhi tautoni, jioni tautoni. Shuleni binti wa mwenye duka alininusa mikono akaziba pua.

Miaka kumi na moja niliuacha uongo huo ukae.

Ndipo akaja Monica, muuguzi kijana, mtu wa ghuba ya jirani na kwetu. Alinitambua kwa matamshi yangu mlangoni mwa kanisa. "Bata wangu!" akaniita, kama watu wa kwetu wanavyoitana. Tangu Leo afariki sikuwa nimeitwa hivyo.

Jumamosi akanipikia tautoni jikoni kwangu. Nilikula sita. Tukataja vya nyumbani vyote, nyama ya chumvi, mbaazi za kuchemshwa ndani ya mfuko wa kitambaa, chai ya maziwa ya kopo, tukacheka mpaka machozi.

"Kesho parokiani kila mtu analeta chakula cha kwao," akasema. "Nipeleke hizi, mama?"

"Peleka, mwanangu."

Mimi nilinunua keki.

Baada ya misa, ukumbini, Bi Hilda akainua tautoni moja kwa uma. "Hee! Hii nayo nini, soli ya kiatu?"

"Usiitafune, Hilda, meno yenyewe ya kununua!" mwenzake akadakia. Meza nzima ikacheka.

"Ni chakula cha kwetu," Monica akasema, bado anatabasamu. "Muulizeni Mama Bride."

Wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimetoka kupokea Mwili wa Bwana muda si mrefu.

"Eti shoga, na wewe unakula hizi?" Hilda akaniuliza.

Nilimwona Hilda, na usoni mwake nikamwona yule binti wa mwenye duka wa utotoni.

"Mimi? Labda huko kwao," nikasema. "Kwetu hatukula hivyo."

"Nilijua tu! Mama Bride ni mtu wa samoni."

Nimeungama mengi maishani. Hili padri bado hajalisikia.

Monica akanitazama. Nilingoja aseme nilivyokula jana; kama angesema, ningestahili. Yeye akaifunika sahani yake kwa kitambaa, polepole, akakunja pembe zote nne, akavaa koti.

"Mbona ananuna? Si utani tu!" Hilda akasema. "Kaa bwana, mtoto wa watu!"

Nilifungua mdomo nimwite. Macho ya watu yalikuwa mengi, nikaufunga. Akapita karibu yangu, koti lake likanigusa bega, akausukuma mlango akatoka.