Mdoli Hakuwa na Nywele

Bi Kafuri alikuwa akichambua mchele alipoletewa habari kwamba shoga yake, mama yake Mwenyekiti wa msikiti, amefariki alfajiri. Alilia, tena akalia kweli. Kisha akanawa uso, akatoa kifurushi chini ya kitanda, akatoka.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya harufu ya kafuri iliyogoma kumtoka mikononi. Miaka thelathini yeye ndiye aliyeosha maiti wa kike wa mtaa mzima, na wanawake waliomtania kwa harufu ile walijua fika kwamba siku yao ikifika, nao watanukia vivyo hivyo.

Ila miezi miwili nyuma kamati ya msikiti, wanaume saba na birika lao la chai, ilipitisha kwamba maiti wa kike wataoshwa na mwenye cheti tu. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, na maiti mwenyewe alikuwa mdoli wa plastiki. Bi Kafuri hakuitwa. Walisema kazeeka, na darasani hajaingia. Hakubishana nao. Lakini zamani shoga yake alimwahidisha: nikitangulia, mkono wa mwisho kunigusa uwe wako. Ahadi hiyo ndiyo iliyomtembeza haraka asubuhi ile.

Alimkuta Mwenyekiti amesimama nje ya chumba cha kuoshea, macho mekundu. Ndani alikuwemo binti wa cheti, peke yake na marehemu. Nyumbani walikuwa wamepekua sanduku zima, na sanda aliyojinunulia mama haionekani. Mwenyekiti alipokea pole kwa adabu, kisha akamwomba akakae na kina mama wenzake, kwani kazi ile sasa ina wenyewe.

"Mwanangu," alisema Bi Kafuri bila kupandisha sauti, "wewe ndiye unayetufundisha. Haki ya kwanza ya kumwosha maiti ni ya nani?"

"Ya aliyeusiwa na marehemu mwenyewe," alijibu Mwenyekiti.

Bi Kafuri akafungua kifurushi. Vilikuwa vipande vitano vya kitambaa cheupe, vimekatwa tayari. "Tulivikata pamoja, mimi na yeye, aliporudi hija. Aliniusia mimi; kama si hivyo, mbona hakukuachia wewe umwekee?"

Mwenyekiti aliinama akatazama. Pembe ya kila kipande ilikuwa imepenyezwa ndani ya mkunjo, jinsi mama yake alivyokuwa akimkunjia mashati ya shule. Machozi yakamtoka mbele za watu. Akapisha mlango.

Binti wa cheti alikuwa amesimama na kitana mkononi. Kitabu cha mafunzo alikuwa amekihifadhi chote, neno kwa neno. Lakini mdoli hakuwa na nywele, na za marehemu zilikuwa ndefu, zimesokotana kwa siku nyingi za ugonjwa. Aliogopa kumvuta. Moyo wa Bi Kafuri ulitaka kucheka, akauzuia, maana kuogopa kumuumiza maiti ni adabu ambayo haifundishwi darasani. Akamwonyesha: lowesha kwanza, anzia nchani, shikilia shina kwa mkono wa pili, kisha suka mikia mitatu uilaze nyuma. Alipofika kwenye uso wa shoga yake alisimama kidogo. Alimpenda sana mwanamke yule. Akaendelea.

"Maji mengine, mwanangu," aliita kupitia mlango. "Na ndoo isijae sana, usije ukamwaga."

Mwenyekiti, ambaye kwa cheo chake chote hakuruhusiwa kuvuka kizingiti kile, alileta ndoo, akarudi kuchota nyingine, kisha nyingine tena.

Walipomaliza kumvika sanda, binti aliuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, wewe umemuusia nani?"

"Mwosha huoshwa, mjukuu wangu. Niliyemuusia ndiye huyu amelala hapa." Bi Kafuri alifuta mikono taratibu. "Sanda yangu ina vipande vinne tu. Njoo kesho asubuhi, hicho cha tano tukikate pamoja."