Jumbe Alivyonitafsiri

Kaka yangu Sele, mtoto wa mama mkubwa, mwaka ule alikuwa na swali moja tu: je, muvi zetu za pesa kidogo zinaweza kushindana na zile kubwa za ng'ambo? Alimwuliza fundi cherehani, alimwuliza muuza mihogo, akamwuliza hata daktari wa meno, vidole vya daktari vikiwa bado kinywani mwa Sele. Hakuna aliyemjibu, naye akauchukua ukimya wao kuwa ndiyo.

Ya kwake aliipiga kwa simu. Kisa ni cha msichana wa Nguvumali anayeposwa na tajiri asiyemtaka. Msichana nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na sikudai kitu. Tajiri alikuwa Kristofa, anayechomelea mageti Chumbageni. Alivishwa kanzu ya marehemu babu yetu, ambaye alikuwa mfupi, ikamfika magotini. Gari la tajiri liliazimwa likiwa bovu, kwa hiyo kwenye muvi nzima halitembei. Kila mara limeshafika. Adhana ya adhuhuri inasikika mahali ambapo watu wanaambiana kumekucha. Sele alisema wenzetu wana pesa lakini sisi tuna ukweli. Nikautazama ukweli wenyewe umesimama uani na kanzu ya magotini.

Mahali alipopapenda kuliko pote ni pale pa nazi. Shangazi Semeni, ambaye ni shangazi yangu na kwenye muvi pia aliwekwa kuwa shangazi, ananiuliza kama nimeridhia kuolewa na yule tajiri. Mimi nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, simjibu. Nakuna mpaka nazi inaisha na mbuzi inaanza kukwaruza kifuu. Sele alisema hapo watazamaji wataniona nikikataa kwa macho. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba kwetu msichana akiulizwa posa akanyamaza, amekubali. Ndivyo mashekhe wanavyofundisha na ndivyo mashangazi wanavyopenda. Nikamwomba aniache niseme neno, hata moja. Alinitazama kama nimeimwagia maji simu yake. Akasema maneno ni ya watu wasiojua kuigiza.

Muvi ilipokwisha akaipeleka kwa Jumbe.

Jumbe ana kibanda cha kuonyeshea muvi, chenye mabenchi, turubai jeupe ukutani na spika mbili kubwa kama makabati. Kazi yake ni kutafsiri. Muvi ya ng'ambo inakwenda, yeye kakaa mbele na maiki, anasema badala ya wote: mzee, mtoto, mwanamke, mbwa. Wote wana sauti ya Jumbe na wote wanaishi Nguvumali. Rubani anaangusha ndege huku analalamikia bei ya chapati za Usagara. Lugha yenyewe wanayozungumza haijui. Nilimsikia akitafsiri Wakorea, na wiki ya pili akatafsiri Wahindi kwa maneno yale yale, na watu wakacheka mahali pale pale. Hao watu nao, ungewaonyesha ukuta mtupu Jumbe akawaambia ukuta unamtaka nani, wangelipa wakae.

Basi ndiyo hiyo muvi kubwa Sele aliyotaka kushindana nayo. Mamilioni ya pesa ya watu wa ng'ambo, yote yamepitia mdomo wa Jumbe.

Jumbe aliitazama ya Sele kwenye simu, na pale pa nazi akaparudia rudia. Akakubali kuionyesha Jumapili baada ya alasiri, kwa sharti kwamba watu wakianza kunyanyuka anaitoa na kuweka ya ndege. Wiki haikwisha, wazee wake wakaja nyumbani kuniposa.

Shangazi ndiye aliyeniletea habari, kwa kuwa ndiye aliyenilea. Alisema Jumbe amependa jinsi ninavyokuna nazi bila kelele, na kwamba siku hizi mwanamke mkimya hapatikani. Nilielewa vizuri. Mtu anayekula kwa mdomo wake alitaka mke asiye na mdomo. Shangazi akaniuliza kama nimeridhia. Nilikuwa nasugua sufuria. Koo lilinikauka, kama linavyonikauka kila nikitazamwa nisubiriwe, na kabla halijafunguka yeye alishasema alhamdulillahi, akaenda kutafuta baibui lake awape jirani habari. Jibu lingepelekwa kwa wazee wa Jumbe baada ya Jumapili, mambo ya muvi yakishapita.

Kila asubuhi nilimwamkia Shangazi shikamoo nikiwa na neno mdomoni. Kila asubuhi aliipokea shikamoo na kuingia kwenye habari za pilau, nani apike na nani asikaribishwe jikoni. Nikamwendea Sele, nikamwomba yeye amwambie Shangazi kwamba simtaki Jumbe. Sele alikwaruza kidevu. Akasema anaelewa, ila nisimuudhi mwenye kibanda kabla ya Jumapili. Mwenye muvi ya msichana anayeozwa asikopenda alisema hivyo akinitazama usoni, wala hakuona kichekesho.

Jumapili kibanda kilijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma pamoja na Shangazi na jirani zake, mimi pembeni karibu na Sele. Gari la tajiri lilipoonekana limefika, mtu akauliza limeteremka kutoka mbinguni? Lilipofika mara ya pili wakalipigia makofi. Kristofa akatokea na kanzu yake.

"Kristofa, hiyo kanzu au fulana?"

Kristofa alikuwa benchi la mbele na mwenyewe akacheka. Lakini kicheko hakikudumu. Baada ya hapo watu walianza kujigeuza geuza, mabenchi yakalia, vijana kadhaa wakanyanyuka wakajikung'uta suruali. Jumbe alimtazama Sele. Sele aliitazama maiki, halafu akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona kwa macho yangu.

Jumbe akachukua maiki, akaanza kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Kristofa akisema amekuja kwa heshima, Jumbe juu yake anasema amekuja kwa sababu geti la nyumbani kwake halifungi na anatafuta wa kulishikilia. Waliosimama wakakaa. Waliokaa wakasogeleana kuwapisha wengine walioingia kutoka barabarani kwa kusikia vicheko. Hakuna neno hata moja aliloliandika Sele lililosikika tena. Naye alikuwa anapiga makofi. Akaniinamia, jasho linamtoka kwa furaha.

"Unaona? Tunashindana nao."

Sijapata kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kufutwa.

Ndipo ikaja nazi. Shangazi wa kwenye turubai akaniuliza kama nimeridhia, na yule mimi akainama kwenye mbuzi akakuna. Jumbe hakuharakisha. Aliacha nikune kidogo, halafu akaibana sauti yake ikawa nyembamba, ya kike, ya mtu aliyekunywa asali.

"Shangazi, mie nimeridhia. Toka siku ile nimemwona Jumbe wa kibandani, usingizi sipati. Waambie walete mahari, na wakichelewa nakwenda mwenyewe na mbuzi yangu ya nazi."

Kibanda kililipuka. Waliojua habari za posa wakawaambia wasiojua, na vichwa vikaanza kunigeukia, benchi baada ya benchi. Nyuma mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Shangazi alijifunika mdomo kwa baibui na mabega yake yalikuwa yanacheka. Kwa mahesabu yake mambo yalikuwa yamekwisha, na mashahidi walikuwa wengi.

Nilimtazama yule msichana kwenye turubai. Alikuwa anakuna tu. Hata ungemnyang'anya Jumbe maiki, kibanda kizima kingesema ameridhia, maana ndivyo alivyotengenezwa. Sele alimtengeneza hana pa kukatalia, Jumbe akaja akamchukua bila jasho.

Nikasimama. Kupita mbele nilikatiza taa ya projekta na kivuli changu kikalifunika turubai lote.

"Bi dada, kaa tuone."

"Mwache, ndiye bibi harusi."

Nilimnyoshea Jumbe mkono, naye akanipa maiki akiwa na meno nje. Alidhani nimekuja kuongeza utamu.

"Sikusema hivyo," nikasema.

Spika ziliifanya sauti yangu kubwa mpaka nikashtuka. Wakacheka. Nikangoja, nikaona hawana nia ya kuacha, nikaendelea humo humo.

"Kwenye muvi sikusema kitu. Na nyumbani Shangazi aliponiuliza sikusema kitu, koo lilikauka. Sasa nasema. Jumbe simtaki."

Kicheko kilikwenda mbele kidogo peke yake, halafu kikakatika. Ukimya ukawa mkubwa mpaka mbuzi ya kwenye turubai ikasikika ikikwaruza kifuu, jambo ambalo Sele alilitaka tangu mwanzo, naye wakati huo alikuwa amejishika kichwa, hakulisikia.

Jumbe alifungua mdomo. Bila maiki sauti yake ni ya kawaida tu, tena nyembamba.

"Lakini ulinyamaza. Waliniambia ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Hakuna aliyengoja nimalize kunyamaza."

Bibi mmoja mkubwa nyuma, simjui hata leo, akasema taratibu kama anayemwelekeza mtu njia:

"Huyo kasema Kiswahili, Jumbe. Hahitaji kutafsiriwa."

Safari hii walimcheka Jumbe. Nilimrudishia maiki nikatoka. Nikiwa bado mlangoni nilisikia anaitoa muvi ya Sele na kuweka ya ndege, na kabla sijavuka barabara rubani alikuwa ameshaanza kulalamika na wale watu walikuwa wanamchekea. Hakuna aliyetoka zaidi ya Shangazi na mimi. Nilichokisema kiliwatosha kama kipande kimoja cha muhogo, wakafuta mikono wakangoja kingine.

Shangazi alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika mlangoni akageuka.

"Ungeniambia mimi, Hasina."

"Nilijaribu, Shangazi. Ulikuwa kwenye pilau."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa wazee wa Jumbe kuirudisha posa, akawaambia mtoto bado mdogo, na isitoshe ana masihara. Hata hapo hakutumia maneno yangu. Lakini posa ilirudi, na hilo ndilo nililolitaka.

Sele alikuja siku mbili tatu baadaye. Nilidhani amekuja kuomba radhi, nikamwekea chai. Kumbe habari zilikuwa zimefika Usagara, na huko kuna kibanda kinataka kuionyesha muvi yetu, mradi nije ninyanyuke. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Kila mahali itakapoonyeshwa, ikifika nazi, mimi nasimama namkataa Jumbe kwenye maiki.

"Wale wa kwenye ndege hawawezi kuteremka kwenye turubai wakaja kusimama mbele ya watu," akasema. "Hapo ndipo tunapowashinda."

Lilikuwa neno la kwanza la maana kulisikia kutoka kwake tangu ashike ile simu, na alikuwa amelichukua kwangu. Nikamwuliza Jumbe atakuwa wapi. Akasema amekwisha zungumza naye. Jumbe amekubali kukataliwa, Usagara na hata Muheza, mradi jina lake litajwe vizuri.

Nilimtazama Sele mpaka akaweka kikombe chini. Nikamwambia siendi Usagara, siendi popote, na sitamkataa mtu yule mara mbili kama kazi ya mshahara. Kama anataka msichana akatae, amkatalishe ndani ya muvi, mle mle, ili hata nikiwa nimelala kwetu mtu asiweze kumsemea. Turudie pale pa nazi niseme neno langu.

Akasema simu imejaa, hakuna nafasi.

Nikamwambia afute gari.

Alilalamika kwamba gari ndilo linaloipa muvi sura ya ng'ambo. Nikamkumbusha kwamba gari lenyewe halijawahi kutembea. Alikaa na simu yake muda mrefu, akalifuta kipande kimoja kimoja, kila likifika anaguna. Shangazi akaitwa uani. Alikuja amevimba uso, akasema anafanya kwa sababu ya undugu tu, akasimama mahali pake pale pale. Nikakaa juu ya mbuzi na nazi mpya. Sele akainua simu.

"Hasina, mwanangu," Shangazi akaniuliza bila furaha yoyote, "umeridhia?"

"Sitaki," nikasema, nikaendelea kukuna.

Sele akashusha simu. Akasema nimesema kwa sauti kubwa mno, haipendezi, tuirudie taratibu.

Nikamwambia aiache hivyo hivyo.