Sijapokea Vyote

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mtunza stoo wa gereza alifungua dirisha lake, akapanga muhuri, wino na daftari la wanaotoka. Mdogo wake, aliyefariki mwaka jana siku ya tatu baada ya kuachiwa, alikuwa ameshakaa kwenye benchi pamoja na marehemu wengine sita. Walikuja kila siku ya kazi na hawakumsumbua mtu. Mmoja mmoja walifika dirishani, wakafuta kwa kidole sahihi zao chini ya maneno "Nimepokea vitu vyangu vyote", wakarudi kukaa.

"Dada, sijapokea vyote," alisema mdogo wake, kama jana na juzi.

"Najua, mdogo wangu."

Siku alipoachiwa, alimrudishia mkanda, simu na viatu kwa mikono yake mwenyewe. Dawa hakumpa. Chupa za kupuliza puani, za kumzindua aliyezidiwa na unga wa kulevya, zilikuwa kabatini nyuma ya kiti chake, katoni tatu, zikisubiri barua ya kuruhusu zigawiwe. Mwili uliopumzika miezi minane hauhimili tena kipimo cha zamani. Hilo hata mfagizi alilijua.

Siku hiyo alitoka fundi viatu, aliyelala selo moja na marehemu mdogo wa mtunza stoo. Alipokea koti na kitambulisho, akashika kalamu.

"Usisaini," marehemu walisema.

Fundi aliwasalimu, akaweka kalamu chini. "Kimebaki nini?"

Mdogo mtu alipitisha mkono katika mlango wa kabati. Mkono uliingia, chupa ikakataa kutoka. Alijaribu mara tatu. Dada mtu alimtazama, hasira zikampanda. Funguo alikuwa nazo mkuu wa gereza, na mkuu yuko mkutanoni. Nyundo ya karakana ilikuwa rafuni. Kufuli liliachia kwa pigo la pili.

"Chukua mbili. Mfundishe unayeishi naye, maana ukizidiwa hutajipulizia mwenyewe."

Fundi alisaini. Sahihi ile haikufutika.

Mkuu aliporudi alimwandikia mtunza stoo onyo kali, akafunga kufuli kubwa zaidi. Alipoona marehemu wamebanana, aliagiza benchi la pili, refu. Barua, alisema, iko njiani.

"Kesho wanatoka wanne," mtunza stoo alisema.

"Kwa hiyo?"

Mtunza stoo aliichukua nyundo rafuni, akaiweka mezani kando ya muhuri, mahali ambapo angeifikia bila kuinuka kitini.