Sifuri ya Chiriku

Mama Pacha wa kitanda cha dirishani anadai kwamba Chiriku aliuchagua mwenyewe ule uso unaocheka. Anasema nesi alikuja na kishikwambi, akamwonyesha zile nyuso sita, kuanzia unaocheka, wenye sifuri, hadi unaobubujikwa machozi, wenye kumi, akamuuliza, "Maumivu yako leo yanafanana na upi?" Mtoto hakusita. Akagusa wa kwanza. Sifuri.

"Na jana vilevile," akaongeza. "Wewe uko huko unafua, shoga, mwenzio anacheka na mashine."

Nikamjibu kwamba hakuona vizuri. Maji ya moto yalikuwa yamemchuna Chiriku paja zima. Jina hilo tulimpa nyumbani kwa kutofunga mdomo, lakini siku sita hizi za wodini alilala kama gogo, hata nzi akimtua hamfukuzi. Mama yake ana kichanga, ndiyo maana nililazwa naye mimi, shangazi mtu. Sikuwa na kazi nyingine ila kumtazama, na nilimtazama. Mtoto anayeng'ata mto ukimvuta shuka hawezi kuwa na sifuri.

Asubuhi iliyofuata sikwenda kufua. Nesi alipokuja saa tatu nikakaa kimya miguuni pa kitanda. Chiriku alinitazama mimi kwanza, si zile nyuso. Akanyoosha kidole, akagusa unaocheka, akanitazama tena kama anayengoja kusifiwa.

Hapo nikakumbuka. Siku ya pili, alipokuwa akililia kurudi nyumbani, nilimwambia, "Umeziona nyuso za sista? Wanaofika kwenye unaocheka ndio wanaoruhusiwa." Nilisema ili anyamaze tu. Kumbe yeye aliichukua kama ahadi.

Nikamfuata nesi mezani, kwenye kompyuta.

"Sista, mtoto anadanganya. Nimemfundisha mimi."

Akaacha kubonyeza. "Umemfundisha nini?"

Nikamweleza. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aligeuza kioo nikaona mstari wa Chiriku: kumi, nane, halafu unateremka kama mtu anayeshuka ngazi, sifuri, sifuri, sifuri. Daktari alikuwa ameusoma alfajiri akiwa ofisini kwake, kabla hajaingia chumba cha upasuaji, akaifuta dawa kali ya maumivu. Akaacha ile ya maji tu, wanayopewa wenye homa.

"Na kidonda kinaoshwa saa nne," nikasema.

"Saa nne."

"Si umwandikie tu kwamba anaumwa?"

"Nimeandika kwamba shangazi anasema. Ona. Lakini kabati la dawa kali halifunguki mpaka daktari aamuru kwenye mfumo. Enzi za mafaili ya karatasi ningelikimbiza faili hadi mlangoni kwake, akasaini ameliegemeza ukutani."

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Mama Pacha alikuwa ametega sikio. "Mtoto hana uongo wake, shoga," akasema. "Anaazima wa wakubwa."

Nikarudi kitandani.

"Chiriku, mama, nisikilize. Shangazi alikosea. Sista akija tena, gusa uso unaofanana na wewe kweli. Hakuna atakayekukasirikia."

"Nyumbani tunaenda lini?"

"Ukipona."

Akafikiri kidogo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Basi siumwi," akasema.

Saa nne kasoro kaka anayeosha vidonda na kufunga bandeji akaja na kitanda cha magurudumu. Alikuwa na watoto kumi na wawili wa kuosha, na bomba la maji ya vuguvugu linakauka saa sita. Akasoma kishikwambi chake.

"Huyu sifuri. Mwepesi. Tuanze naye."

Nesi akamwambia angoje kidogo, anamtafuta daktari. Akajibu kwamba kungoja atangojea hukohuko chumba cha kuoshea. Tukaenda sote, nesi nyuma yetu na simu sikioni. Chumba kile kina beseni refu la bati na vigae vyeupe mpaka juu. Chiriku alipoona beseni, alikunja vidole vya miguu, lakini akabaki anatabasamu, tabasamu lililonyooka kama la kuchorwa.

Simu ya nesi ilikuwa inaita.

"Kaka," nikasema, "naomba usubiri daktari apokee."

Akaingiza ncha ya mkasi chini ya bandeji.