Futi ya Deolinda

Alfajiri ile Anselmo Furtado aliwalaani wakubwa kwa zamu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Kwanza wale wa Boston waliotunga sheria ya samaki, kisha wenye kiwanda cha makoti waliofunga milango bila hata kuaga, kisha daktari mkuu aliyesema mkewe Deolinda ana kikohozi tu. Alikuwa akifunga kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, juu ya gari, na kila fundo la kamba lilipewa mkubwa wake. Mafundo yalikuwa manne na wakubwa walikuwa wengi, kwa hiyo waliobaki ikabidi wangoje safari ya kurudi.

Siku hiyo hakutaka kuchelewa. Saa kumi na moja jioni kulikuwa na karamu ya marehemu katika ukumbi wa chama cha wahamiaji wa visiwa vya Azori. Kila nyumba iliyofiwa huleta chakula alichokipenda marehemu wake, na katibu husimama na daftari akasoma: fulani, chakula fulani, kimeletwa na fulani. Chakula lazima kitoke mkononi mwa nyumba yenyewe. Cha kununua huliwa, lakini hakisomwi. Na jina husomwa miaka mitano tu, kisha hutolewa kwenye daftari, maana watu hawaachi kufa na kurasa zina mwisho wake.

Huu ulikuwa mwaka wa tano wa Deolinda.

Miaka minne mfululizo kilichosomwa ni hiki: "Deolinda Furtado, wali wa maziwa, umeletwa na dada yake Idalina." Deolinda alikuwa haupendi wali wa maziwa tangu utotoni. Alichopenda ni mchuzi wa samaki wa milia, wenye viazi na nyanya na mkate wa kuchovya, na samaki mwenyewe awe ametoka mtoni asubuhi ile ile. Anselmo alikuwa ameapa mbele ya kaburi kwamba mkewe hatatoka daftarini na wali wa maziwa.

Tatizo lilikuwa sheria. Samaki mmoja kwa siku, asipungue inchi ishirini na nane, asifike thelathini na moja. Anselmo aliacha shule darasa la sita akaenda kubandua kombe za bahari melini, lakini sheria hii aliielewa kuliko walioiandika: maana yake masikini asile. Katika siku nne za karamu zilizopita, mara mbili alipata samaki aliyepungua nusu inchi akamrudisha majini, mara moja akapata dubwana la inchi arobaini akalirudisha pia, na mara moja hakupata kitu, ambalo nalo alilihesabu kuwa kosa la Boston.

Alipimia futi ya Deolinda. Mwanamke yule alishona makoti miaka ishirini na sita, na futi ile ya kitambaa cha njano ilikaa shingoni mwake mpaka kanisani alikuwa akijisahau nayo. Tangu afe, Anselmo aliitunza kuliko alivyotunza mashati yake. Kila akirudi mtoni aliisuuza kwa maji baridi, akaitundika kwenye msumari bandani, akafunga chubwi la risasi la nusu ratili kwenye ncha ya chini ili ikauke imenyooka vizuri, isijikunje.

Alipofika mahali pa kuteremshia mashua alimkuta jirani yake Norberto Quintal, katibu wa chama, mwenye kulishika lile daftari. Norberto alikuwa na kayaki mpya ya kukanyaga kwa miguu kama baiskeli, yenye kioo cha kuonyesha samaki walipo.

"Selmo," Norberto akasema, "bado unaingia majini na hilo beseni?"

"Beseni langu halihitaji betri kujua samaki wako wapi."

"Ndiyo maana mwaka wa tano huu hujui walipo." Norberto akacheka, kisha akaangalia futi iliyoning'inia shingoni mwa mwenzake. "Na bado unapimia hiyo? Chukua ubao wangu mmoja wa kupimia samaki, ninazo mbili. Wanagawa bure, zimepigwa muhuri na kila kitu."

"Ndiyo maana siutaki. Serikali ikikupa kitu bure, jipapase mfukoni uone imechukua nini."

Hakusema kwamba na yeye aliletewa ubao kama ule kwa posta. Alikuwa ameutumia kuegemezea dirisha la banda lisianguke, na kwa kazi hiyo, ilibidi akiri, ulikuwa ubao mzuri.

"Haya, ndugu yangu. Jioni nisome nini? Niandike wali wa maziwa kabisa?"

"Andika kwa penseli," Anselmo akasema, akashika kafi.

Bamvua lilikuwa limejaa usiku na sasa maji yalikuwa yakipwa kwa kasi, yakimiminika kutoka kwenye hori, vile vijito vinavyopita kati ya majani ya chumvi, kama watu wanaotoka kanisani mahubiri yakiwa marefu. Samaki wa milia husimama kwenye mdomo wa hori wakati kama huo, pua juu ya mkondo, wakingoja kuletewa. Hawahangaiki. Anselmo aliona kila mara kwamba wana tabia za maofisini. Akatoa mkunga mmoja wa chambo, samaki mwembamba kama nyoka, kwenye gunia lenye maji, akamtia kwenye ndoana ya duara, ile iliyoamriwa na sheria, akaitemea mate, akamtupa.

Hakungoja sana. Mshipi ulikazwa, kayaki ikageuzwa uso ikaanza kukokotwa kuelekea alikotaka samaki. Anselmo alikaa akavutwa, miguu mbele, kama mzee anayesukumwa kwenye kiti. Kila samaki alipochoka, Anselmo alivuta kidogo. Kila yeye alipochoka samaki alikuwa bado. Mwishowe alimlaza mapajani, mweupe tumboni, milia saba ubavuni kama iliyopigwa rula, akanyoosha futi toka pua hadi ncha ya mkia.

Ishirini na saba na nusu.

Akaubana mkia ncha zikutane. Akaisukuma pua kidogo. Akausihi ule mkia kwa lugha ya mama yake. Ishirini na saba na nusu.

"Mwaka wa tatu huu," alimwambia samaki. "Nusu inchi ile ile. Wamekaa mezani huko wakasema, tumkate Furtado nusu inchi."

Kuna aliyekuwa akimwona? Hakuna. Mto wote ule ulikuwa na yeye na ndege. Lakini jina la Deolinda lisomwe juu ya samaki wa kuiba? Mwanamke aliyekuwa akirudisha hata vifungo vya kiwanda vilivyoanguka mfukoni mwake? Akamteremsha samaki majini, akamshika mpaka apate pumzi. "Nenda. Wasalimie Boston." Samaki alimpiga maji ya uso kwa mkia, akaondoka na inchi zake.

Baada ya hapo ikawa jua tu. Mkunga mmoja alikatwa nusu na samaki wa meno, mwingine akaliwa na kaa, wa tatu alijifunga fundo mwenyewe kwenye mshipi kwa chuki. Norberto alipita akikanyaga, mikono kifuani kama mtu anayekwenda benki, akasema amepata wake tangu saa moja na anakwenda kuoga. Anselmo alimtakia maji ya moto yakatike.

Saa tano alikuwa amebakiwa na mkunga mmoja na maji ya goti juu ya fungu la mchanga, chini ya daraja. Maji yanayokaribia kukata huwa na pumzi ya mwisho, na pumzi hiyo ndiyo aliyoitupia mkunga wake. Akachukuliwa. Huyu hakuvuta kama yule wa alfajiri. Huyu aliondoka, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali pengine. Kayaki ilipita kati ya nguzo mbili za daraja, ikapanda fungu, ikakwama. Anselmo akashuka, maji magotini, akamfuata kwa miguu, fimbo ya kuvulia imepinda mpaka kiunoni, akimwambia, "Taratibu, bibi, taratibu, tunakwenda mahali pamoja."

Akampima mara tatu. Thelathini na nusu. Mara zote tatu.

Alivua kofia akakaa mchangani kidogo. Kisha akamchinja pale pale ili nyama isiharibike. Anselmo alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kisu chake kilipita chini ya tamvua, pale samaki anapopumulia, upande ambao watu wengine hawaugusi, kikapanda juu. Deolinda alikuwa akisema samaki wake huonekana wamechinjwa na mtu anayetoka mlangoni wenzake wakiingia.

Mahali pa mashua alikuta gari la kijani la serikali na ofisa wa samaki, msichana, kofia imemzidi kichwa, jina Pelletier limeshonwa kifuani.

"Habari za maji, mzee?"

"Maji mazuri. Sheria mbaya."

"Naomba nimwone."

Anselmo alifunua gunia kwa madaha. Mwaka wa tano ulikuwa umefika, na alikuwa na samaki ndani ya sheria. Hata alitamani ofisa awe mkubwa zaidi. Msichana akamlaza samaki kwenye ubao, akaubana mkia, akatazama, akatazama tena.

"Thelathini na moja na nusu, mzee. Amezidi."

"Huo ubao umekatwa Boston."

"Inawezekana," alisema yule msichana bila kukasirika. "Hebu niazime yako."

Akailaza futi ya njano kando ya ubao, sifuri kwa sifuri. Mwanzoni zilikwenda pamoja. Zilipofika kumi zilikuwa zimeanza kupishana, na ishirini na nane ya Deolinda ilikuja kukaa sawasawa juu ya ishirini na tisa ya serikali.

"Umeinunua wapi hii?"

"Ya marehemu mke wangu. Ilishona makoti ya nusu ya mji huu, na hakuna koti lililorudishwa."

"Futi za kitambaa huvutika. Huwa unaitunzaje?"

Anselmo akaanza kueleza kwa fahari. "Naisuuza kwa maji baridi. Halafu naitundika bandani, na chini yake," hapa sauti ikapunguza mwendo, "nafunga chubwi. La nusu ratili. Inyooke."

"Kwa muda gani?"

"Miaka mitano."

Pelletier hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu, kungekuwa na la kulalamikia. Anselmo hakusoma sana lakini hesabu ya inchi haikuhitaji shule. Yule wa alfajiri aliyempiga maji ya uso alikuwa halali. Yule wa miaka miwili nyuma, labda. Akaipekua orodha yake yote ya wakubwa, kuanzia Boston kushuka mpaka yule wa posta, asipate hata mmoja aliyewahi kuingia bandani mwake na chubwi.

"Nitakuandikia onyo tu, mzee. Lakini samaki siwezi kukuachia."

"Mkamtupe."

"Hatutupi. Tunapeleka kwenye jiko lolote linalolisha watu. Leo kuna..."

Lakini Anselmo alikuwa ameshageuka, anaburuta beseni lake.

Aliingia ukumbini saa kumi na moja kasoro, koti la maziko mwilini, futi mfukoni, mikono mitupu. Harufu ilimpokea mlangoni: nyanya, kitunguu saumu, na samaki wa milia.

"Shemeji, umeleta nini?" Idalina akauliza kutoka dirisha la jikoni, mwiko mkononi.

"Onyo la maandishi."

"Kaa basi. Leo kuna cha kula, na Deolinda nimemwandikisha mchuzi."

Norberto alisimama, akalamba kidole, akafunua daftari. Wafu wa mwaka ule walisomwa, wa mwaka wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha wa mwisho. "Deolinda Furtado. Mchuzi wa samaki wa milia." Akasogeza miwani. "Umeletwa na serikali."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na hata padri alijifuta mdomo ambao haukuwa na kitu. Anselmo akasimama. Watu waliweka vijiko chini kwa subira, maana hotuba yake walikuwa wakiijua, na walijua mchuzi utapoa.

"Samaki huyo ni wangu," akasema. "Nimemvua mimi chini ya daraja. Alizidi nusu inchi wakaninyang'anya, na walikuwa na haki. Futi ilivutika. Niliivuta mimi."

Hotuba ile hawakuwa wakiijua. Sauti ikatoka meza ya nyuma: "Selmo, miaka minne serikali inakula samaki wako. Leo umeamua kula wa serikali?"

Kicheko kikarudi kwa nguvu mpya. Norberto aliinua mkono. "Ndugu yangu, mimi nakupenda, lakini gari la kijani ndilo lililomleta, na ofisa alitia sahihi. Daftari linataka shahidi."

Anselmo akakishika kijiko chake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekiri kosa, na hapakuwa na mtu wa kulipokea.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa. Idalina alikuja na sahani, na juu ya sahani kichwa cha samaki, kimechemka, jicho jeupe. Akaiweka juu ya daftari.

"Vaa miwani vizuri, Norberto. Nimeosha samaki wa nyumba hiyo miaka thelathini na tano." Akakigeuza kichwa kwa ncha ya mwiko mpaka ule mkato uliopanda juu ukawaelekea wote. "Tangu lini serikali ikachinja kwa mkono wa kushoto?"

Norberto akatazama mkato. Akamtazama Anselmo, aliyekuwa ameshika kijiko kwa mkono ule ule. Kisha akainua sahani, akaupangusa ukurasa, akatoa kifutio. Alikuwa ameandika kwa penseli.

Akasoma upya, polepole, mpaka mwisho wa mstari. Anselmo alikaa akala.

"Mchuzi umepungua chumvi," alisema baadaye.

"Mlaumu aliyepika," Idalina akajibu, "yuko hapa hapa."

Anselmo alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya paa. Bandani aliisuuza futi, akaitundika kwenye msumari bila chubwi. Ncha ilianza kujikunja kidogo kidogo, ikarudi kwenye duara, upana wa shingo. Aliiangalia mpaka ikatulia. Kisha akanyoosha mkono akavuta ubao wa serikali dirishani, ili aanze kuutumia kama Mkristo, na dirisha likamshukia vidoleni. Akashika vidole, akavuta pumzi, akaanza kuwalaani wakubwa, kwa yule wa juu kabisa.