Karanga za Harusi ya Mbarara

Jumatano, baada ya chai ya saa nne, Mwalimu Rugambwa alibandika picha ubaoni kwa solotepu. Alikuwa ameichapisha kwa rangi kule Kashai alipokwenda Bukoba kwenye semina. Somo lilikuwa namna ya kutambua habari za uongo kwenye simu, na Kidato cha Pili kizima kiliijua picha ile, maana ilikuwa ikizunguka Nshamba tangu msimu wa senene. Bibi kizee ameinama, ananyoosha kikapu kidogo chenye mfuniko. Chini yake maneno: "Bibi huyu anawapa wageni kahawa yenye sumu. Sambaza uokoe maisha."

Celina, dawati la mbele, aliangalia vidole vyake. Watu walisema ni bibi yake, Consolata. Wa pichani alikuwa mrefu na ana mwanya, na Bibi Consolata ni mfupi, mwanya hana. Lakini kwa Wahaya kikapu cha mfuniko anachonyooshewa mgeni kina nini tena kama si kahawa ya kutafuna? Na kwa kahawa ya kutafuna, Nshamba nzima ilimjua Bibi Consolata. Basi, ikawa ni yeye.

"Picha huulizwa," alisema Mwalimu. "Tunaiuliza nini?"

"Imepigwa wapi! Lini! Na nani!"

"Haya, iulizeni."

Buberwa, mchekeshaji wa darasa, akasimama. "Shikamoo, bibi. Ulipigwa wapi picha?"

"Marahaba," alijibu mwanamke wa pichani. "Mbarara, kwenye harusi ya mjukuu wangu."

Akashika ukingo wa ubao, akateremka polepole kwa sababu ya magoti. Karatasini lilibaki turubai la harusi na nafasi nyeupe. Mwalimu akampisha kiti.

Alisema Kinyankole, lugha inayokaribiana na Kihaya, wakamwelewa bila shida. Jina lake Georgina. Picha aliipiga mwanawe, kabla ya korona. Akafungua kikapu, darasa likaona karanga. Mwalimu aliandika majibu yote ubaoni.

"Kwa hiyo habari hii ni ya namna gani?"

"Ya uongo!"

Celina alijifuta machozi kwa kola ya shati. Jumamosi ingekuwa misa ya kumbukumbu ya marehemu baba yake, na Bibi alikuwa ameshaacha kukata mikungu ya ndizi, kwa kuwa hakuna jirani aliyeitikia mwaliko. Kengele ilipolia alimwendea mgeni.

"Bibi, twende nyumbani ukawaambie watu."

"Twende, waitu, mjukuu wangu. Miezi yote hii nasukumwa mkono kwa mkono, hakuna aliyeniuliza hata jina."

Bibi Consolata alimpokea kama mgeni yeyote, akamnyooshea kahawa. Georgina akatafuna.

"Kumbe wewe ndiye mimi," alisema Bibi.

"Ndiyo. Pole."

"Pole na wewe kwa safari."

Jumamosi, misa ilipokwisha, Georgina alisimama uwanjani mbele ya kanisa akaeleza. Watu walimsikiliza vizuri. Waliuliza lini na wapi, wakauona mwanya, wakaonja karanga. Katekista Aroni alisema sasa jambo liko wazi. Akina mama walimshika Bibi Consolata mikono, wakampa pole kwa yote.

"Tangulieni," walisema. "Tunakuja."

Wakatangulia. Celina alitandika majani ya migomba kutoka ukutani hadi mlangoni, wakapakua ndizi na maharage. Mvuke uliendelea kutoka, kisha ukakoma. Upande wa pili wa migomba walisikia majirani wakipita kwenda makwao, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala.

Aliyefika ni Ayubu wa bodaboda, naye hakushuka. Aliwapiga picha wale bibi wawili wakiwa mlangoni.

"Naituma kwenye magrupu," alisema, "watu waone kwamba si mtu mmoja."

"Karibu chakula, baba," alisema Bibi.

"Nimeshiba, Bibi. Siku nyingine."

Jioni picha ilikuwa imefika hadi Muleba mjini, na maneno yamebadilishwa: "Sasa wako wawili."

Celina akamsomea.

"Nimetokaje?" aliuliza Bibi.

"Umetoka vizuri."

"Haya." Akafunika sufuria.

Georgina akabaki, maana karatasi yake ilikuwa imeshachanwa na mfagiaji. Alipewa kitanda cha marehemu.

Jumatatu Mwalimu alitoa jaribio: ile habari ya kahawa ni ya kweli au ya uongo, na utathibitishaje? Darasa zima lilipata. Aliyeongoza ni Kokubanza, rafiki wa Celina tangu darasa la kwanza. Aliandika kurasa mbili, akamchora hata Georgina.

Mchana ilikuwa zamu ya Celina kugawa makande. Alisimama kwenye sufuria, akachota. Kokubanza, wa kwanza kwenye foleni, alikumbatia sahani yake kifuani.

"Celina, mimi najua si kweli. Hata kwenye jaribio nimeandika."

"Nimeona. Umeandika vizuri."

"Ni mama tu amesema."

Celina alitazama foleni. Buberwa aliangalia viatu vyake. Sahani zote zilikuwa zimekumbatiwa, mpaka mwisho, na wote walikuwa na njaa.

Akamwaga makande yaliyokuwa kwenye upawa, akauacha sufuriani, akasogea pembeni ili wenzake wale.