Raundi Tatu Kwenye Ukungu

Baba alifika mbio za nyika za vyuo zimekwisha, ukungu umelala juu ya shamba la matufaha tulimokimbia. Akaniuliza muda wangu, nikamwambia.

"Dakika thelathini? Wendell, enzi zangu masafa hayo hayo ningekuwa nimeshaoga!"

Enzi zake walikimbia kwenye uwanja wa gofu, majani laini kama zulia. Hasira zikanipanda. "Twende ukaone," nikasema.

Tukafuata vibendera vyekundu vya kuonyesha njia ya mbio, vilivyoelea kwenye weupe ule kana kwamba havikushikwa na kitu. Sauti za wenzangu zikafifia nyuma yetu. Kisha kilima kikaanza, na matope yakamvua baba kiatu kimoja. Akacheka. Tulipofika katikati hakucheka tena. Juu kabisa aliinama akashika magoti, akihema, soksi ikichuruzika matope.

"Mmepanda hapa?"

"Mara tatu."

Akatazama chini, ambako hakukuonekana kitu. Halafu akavua kiatu kilichobaki, akanikabidhi.

"Nihesabie muda," akasema, akaanza kushuka mbio.

Nikasikiliza miguu yake mpaka ukungu ukaimeza. Saa yangu ya mkononi sikuigusa; muda wake sikuuhitaji tena.